Mpira wa Rejeta Ukipasuka, Ikague na Feni

Kirikuu ikichemsha kwenye foleni, macho yote huenda kwenye mvuke. Fundi wa kando ya barabara anainama, anakuta mpira wa rejeta umechanika, anafunga mwingine, anajaza maji, anachukua hela yake anaondoka. Baada ya siku chache gari linachemsha tena, safari hii mpira mzima, maji yanafoka kwenye kifuniko. Ndiyo maana nasema usimlipe mtu kabla hujaiona feni ikizunguka. Feni iliyokufa hupandisha joto, joto hupandisha presha, na presha hutafuta mpira uliochoka. Mara nyingine mambo huanzia upande wa pili: mpira unapasuka, maji ya moto yanarukia soketi ya feni, shaba inaota kutu ya kijani, na wiki kadhaa baadaye feni inagoma.

Nazungumzia hasa kirikuu, yaani Suzuki Carry, za DA63T, zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2013. Injini yake ya cc 658 iko chini ya viti, rejeta iko mbele puani, na maji husafiri njia ndefu chini ya bodi kati ya viwili hivyo. Feni ni ya umeme. Mwenye Hilux ya dizeli ambayo feni yake inazungushwa na mkanda wa injini asome ya mpira tu, ya waya hayamhusu.

Kwanza gari lipoe. Usiguse kifuniko cha rejeta mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa kiganja na kuubonyeza bila kuungua. Kifuniko kimeandikwa 0.9 au 1.1, ambayo ndiyo presha kinayohimili, na kwa 1.1 maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 120 hivi. Ukikifungua maji yakiwa nyuzi 110, presha inatoka ghafla na maji yanachemka papo hapo, yanakurukia usoni. Kwa sababu hiyohiyo kifuniko chenye springi iliyolegea ni ugonjwa mkubwa zaidi nyanda za juu. Pale Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Wala usimimine maji baridi kwenye injini inayofuka. Silinda hedi ni ya aluminiamu, ikipinda umeingia gharama ambayo mipira kumi haifikii.

Sasa angalia mpira umechanika wapi. Ukiwa umekatika mwishoni, pale klipu ilipokuwa inabana, na bado una urefu wa kutosha, kata kipande kibovu kwa kisu kikali, safisha shingo ya rejeta kwa msasa laini, rudisha. Klipu ikae nyuma ya ule ukingo ulioinuka kwenye shingo, isikae juu yake, na iache milimita 5 hivi toka mwisho wa mpira. Ibane mpaka mpira uanze kutokeza kidogo pembeni mwa chuma, uishie hapo. Ukizidisha, klipu inakuwa kisu.

Ukiwa umepasuka katikati, kuna la kukufikisha nyumbani: kausha vizuri, kata utepe wa tyubu ya baiskeli, uvute mpaka unyumbuke na uuzungushe tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likipanda nusu ya lililotangulia, kisha ufunge klipu kila upande wa mpasuko. Endesha polepole, simama kila baada ya kilomita chache uangalie. Wengine hukata mpira na kuunga kwa kipande cha bomba la maji la plastiki. Bomba hilo hulainika kwenye joto ambalo kwa rejeta ni la kawaida kabisa, na litaachia ukiwa mbali na msaada. Kama lazima uunge, tafuta bomba la chuma linaloingia kwa kukaza, uweke klipu pande zote mbili.

Ukienda dukani, Kariakoo au kwingineko, nenda na mpira wa zamani mkononi. Mipira hii ina mikunjo, na ulionyooka ukilazimishwa kukunjwa hufunga njia ya maji. Chungulia ndani uone kama una nyuzi za kitambaa katikati ya mpira. Usiokuwa nazo huvimba kama puto. Mpira wa mtumba mimi sinunui, hata muuzaji akiapa umetoka Japani jana, kwa sababu umri wake hauonekani kwa nje.

Tuje kwenye umeme. Tabia ya gari hukupa nusu ya jibu: likichemsha kwenye foleni au likipanda mlima taratibu, lakini likipata barabara ya wazi joto linashuka, feni haifanyi kazi. Likichemsha hata kwenye mwendo kasi, tafuta kwingine, kwenye rejeta iliyoziba, pampu au themostati.

Chomoa soketi ya feni, uipe feni umeme moja kwa moja toka betri kwa waya mbili nene. Isipozunguka, mota imekufa na huna haja ya kuhangaika na waya. Ikizunguka, rudi nyuma hatua kwa hatua: fyuzi, rilei, swichi ya joto, halafu waya zenyewe. Rilei jaribu kwa kubadilishana na nyingine ya aina ileile kwenye gari, kama ya honi. Kwenye magari ya zamani swichi ya joto ina waya mbili. Ziunganishe kwa kipande cha waya, swichi ya gari ikiwa imewashwa, na feni ikizunguka basi swichi ndiyo mbovu. Kwenye magari mengi yenye kompyuta, ukichomoa soketi ya sensa ya joto injini ikiwa inanguruma, kompyuta huwasha feni yenyewe kwa tahadhari.

Kupima umeme wa feni, taa ni bora kuliko mita. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunganishe na waya mbili, uiguse kwenye soketi ya feni wakati feni inapaswa kuzunguka. Waya uliobaki na unyuzi mmoja tu wa shaba ndani ya ganda utakuonyesha volti 12 kwenye mita bila aibu, lakini balbu itawaka kama mshumaa au isiwake kabisa. Hapo fuata waya kwa vidole, uukunjekunje. Pale unapokunjika kirahisi kuliko kwingine, shaba imekatika ndani. Usisahau waya wa bodi: fungua boliti yake, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi.

Kiungo kipya menya sentimita 2 kila upande, suka, chomea risasi, valisha mpira wa kusinyaa. Selotepu peke yake huyeyuka gundi ikaachia. Tumia waya wa gari wenye nyuzi nyingi, usiopungua milimita 2.5 za mraba. Waya wa nyumba wenye shaba moja nzima hukatika kwa mtikisiko. Ufunge mbali na eksozi na mapanga ya feni. Fyuzi iwe ya ampia zilizoandikwa kwenye boksi lake. Karatasi ya pakiti ya sigara ikiwekwa badala ya fyuzi inageuza kosa dogo kuwa moto wa gari zima.

Fundi atakushauri afunge feni dairekti, izunguke muda wote ukiwasha gari. Kwa siku moja ya dharura, yenye fyuzi na rilei yake, sikatai. Kuiacha hivyo ni kumaliza mota na kuibebesha alteneta mzigo usio na sababu. Atakushauri pia atoe themostati. Hapo nakataa: injini itachelewa kupata joto lake, itakunywa mafuta, na ugonjwa wa kweli utabaki umejificha.

Jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Maji ya kisima cha Dar es Salaam yenye chumvi yanakula aluminiamu, afadhali ya mvua. Egesha gari pua ikitazama mlimani, kifuniko wazi, hita kwenye moto, injini ikinguruma taratibu huku ukibonyezabonyeza mipira mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki kwenye njia ndefu ya Carry, mshale wa joto unaweza kupanda kisha ukaanguka ghafla kwenye baridi. Dereva hufurahi, kumbe sensa imekosa maji. Zima papo hapo.

Funga kifuniko, acha injini ingurume mpaka feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Ndipo ulipe. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, kaza tena klipu robo mzunguko, maana mpira mpya hukaa vizuri baada ya joto la kwanza, na uongeze kulanti iliyopungua.