Picha za Simuni Zinazouzwa: Jijue Kabla Hujalipa

Mwaka 2021, mwanariadha wa Kenya Eliud Kipchoge alipiga mnada mtandaoni video mbili za mbio zake, akapata makumi ya maelfu ya dola. Video za mbio hizo bado zinatazamwa bure na yeyote mwenye bando. Alichopata mnunuzi ni hati ya umiliki iliyoandikwa kwenye daftari la kidijitali. Bidhaa za aina hii huitwa NFT.

Ukimweleza habari hii mama anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, aliyezoea kuzamisha mkono hadi chini ya gunia ajue kama dagaa wa ndani wamekauka, atakuuliza: nikishalipa, nashika nini? Mwanafunzi wa chuo pale Malimbe huenda akaomba jina la programu.

Tofauti yao si ya umri au elimu tu, bali pia ya haiba. Wanasaikolojia hupima haiba kwa sifa tano: kupenda mambo mapya, kujipanga, uchangamfu, upole na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mpenda mapya huvutiwa na ubunifu wenyewe. Mchangamfu huvutwa zaidi na kundi la WhatsApp: vicheko, pongezi, kuitwa mwanzilishi. Mpole hushindwa kumkatalia shemeji aliyemtumia kiungo. Mwenye wasiwasi ndiye tunayedhani yuko salama, kumbe hofu ya kupitwa huweza kumpeleka mbio. Tapeli analijua hilo, ndiyo maana huandika saa tano usiku: “Zimebaki tatu tu, bei inapanda asubuhi.”

Bei nayo haina adabu. NFT ya ujumbe wa kwanza wa Twitter ilinunuliwa mwaka 2021 kwa dola milioni 2.9. Mwaka uliofuata mnunuzi huyo alipoipiga mnada, ofa ya juu mnada ulipofungwa ilikuwa kama dola 280.

Kisheria, Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa sarafu za kidijitali, ambazo ndizo hutumika sana kununulia NFT, si fedha halali nchini. Tangu Julai 2024, malipo ya kuhamisha mali za kidijitali yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 3. Usidhani kwa kuwa Mamlaka ya Mapato (TRA) wanakata chao, basi yupo wa kukurudishia chako.

Ukishawishika, lala kwanza. Asubuhi mweleze mtu mgumu kuliko wewe, mweka hazina wa kikoba chenu kwa mfano, utakachomiliki na utakayemuuzia. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba ya kuripoti utapeli, 15040, kisha fuata maelekezo utakayojibiwa.