Dondoo muhimu: Deni likikuzidi, Utemini, Singida

Usijifiche. Mkulima wa alizeti au mwenye duka aliyekopa kwa "kausha damu", yaani mikopo ya riba kubwa mno, mara nyingi hukopa tena ili alipe deni la kwanza, na hapo ndipo nyumba inapoanza kuyumba. Simama. Andika kila deni: nani anadai, kiasi gani, riba ipi, dhamana ipi.

Kisha muulize mkopeshaji leseni yake. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha kibiashara anatakiwa kuwa nayo. Kadi yako ya benki na namba ya siri usimwachie mtu yeyote, hata akibembeleza vipi.

Nyumba ndiyo inayoniumiza zaidi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mama aliyeletewa dalali mlangoni bila kuwahi kusaini chochote asiondoke. Aende kwa wakili siku hiyohiyo, na karatasi zote mkononi.

Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawapa wasio na uwezo msaada wa bure. Anzia ofisi ya ustawi wa jamii, manispaa ya Singida.

Wito wa mahakama uitikie. Usipofika, hukumu inaweza kutolewa upande mmoja.

Kutangazwa mufilisi ni njia ya mwisho, na ni mahakama pekee inayotamka hivyo. Kabla ya kufika huko, omba muda mpya wa kulipa, kwa maandishi.