Lori Refu Linapovuka Mpaka

Bila shaka umewahi kusimama kando ya barabara kuu ukaliona lori refu likipita. Kichwa kinapita, trela linafuata, na nyuma yake trela jingine. Unasubiri mpaka liishe ndipo uvuke. Je, umewahi kujiuliza lori hilo lina urefu gani? Je, kila mwenye lori anaunganisha matrela kadiri apendavyo, au kuna sheria?

Sheria ipo. Tena sheria hiyo inamhusu hata mkulima asiye na baiskeli, kwa sababu mahindi yake, vitunguu vyake au mpunga wake hupanda malori hayo kwenda sokoni, na mara nyingine kwenda nchi jirani.

Pima kwa kamba

Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, lori lisilo na trela halitakiwi kuzidi mita 12 na nusu. Lori linalovuta trela halitakiwi kuzidi mita 22. Urefu huo huanza kwenye pua ya lori na kuishia nyuma kabisa.

Mita 22 ni urefu gani? Chukueni kamba, muipime mita 22, kisha mmoja ashike ncha moja na mwingine aende na ncha ya pili. Huenda kamba ikatoka darasani na kufika uwanjani. Itandazeni chini muitazame. Hilo ndilo lori moja.

Sasa fikiria basi linataka kulipita lori hilo. Lori linakwenda kilomita 50 kwa saa, na basi linakwenda kilomita 80 kwa saa. Basi lina urefu wa mita 12. Dereva wa basi anatoka upande wake akiwa mita 30 nyuma ya lori, na anarudi akiwa mita 30 mbele yake. Ukipiga hesabu utaona anatumia sekunde 11 hivi katika upande usio wake. Katika sekunde hizo basi limekwenda mita 250. Gari linalokuja mbele yake kwa mwendo uleule nalo limekwenda mita 250. Kwa hiyo dereva wa basi anahitaji barabara nyeupe ya nusu kilomita, isiyo na kona wala mlima. Lori likizidi kuwa refu, nafasi hiyo nayo inazidi.

Kuna hatari nyingine kwenye kona, na hii iangalieni sana ninyi wapanda baiskeli na waenda kwa miguu. Magurudumu ya nyuma ya lori refu hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Yanakata kona kwa ndani. Ndiyo maana dereva anayetaka kukata kushoto hulisogeza kwanza lori lake kulia. Mtu wa baiskeli akiona nafasi imebaki upande wa kushoto, hujipenyeza. Dakika ileile lori linageuka, na trela linakuja juu yake. Dereva hamwoni, kwa kuwa kioo chake wakati huo kinamwonyesha ubavu wa trela tu. Usiingie katika nafasi hiyo hata kidogo. Simama nyuma, ungoje.

Kwa nini basi watu waunganishe matrela?

Sababu ni uzito. Magurudumu ya lori yamefungwa kwenye ekseli. Ekseli ni chuma kinachounganisha magurudumu ya kulia na ya kushoto. Sheria haitazami uzito wa lori zima peke yake. Inatazama pia kila ekseli inakanyaga barabara kwa uzito gani. Ukitaka kubeba zaidi, lazima uongeze ekseli, na ukiongeza ekseli lori linarefuka.

Ekseli ya mbele, ile ya usukani, inaruhusiwa tani 8. Ekseli mbili zilizo pamoja, zenye tairi mbilimbili kila upande, zinaruhusiwa tani 18. Ekseli tatu zilizo pamoja, zenye tairi mbilimbili vilevile, zinaruhusiwa tani 24. (Siku hizi kuna tairi moja pana inayofungwa mahali pa mbili. Hiyo inaruhusiwa uzito mdogo kuliko tairi mbili.)

Chukua lori lenye ekseli sita: moja mbele, mbili chini ya kichwa, na tatu chini ya trela. Jumlisha: 8 na 18 na 24. Jibu ni tani 50. Huo ni uzito wa lori pamoja na mzigo wake. Lori la ekseli saba linaweza kufika tani 56, na hapo ndipo mwisho. Hata ukiongeza ekseli ya nane, sheria haikuongezei tani.

Usifikiri serikali inaonea watu kwa tani mbili au tatu. Wataalamu wa Marekani walijaribu jambo hili katika jimbo la Illinois kuanzia mwaka 1958 hadi 1960. Walijenga barabara za majaribio na kupitisha malori juu yake usiku na mchana. Waliona kwamba uzito wa ekseli ukiwa mara mbili, uharibifu wa barabara hauwi mara mbili. Unakaribia kuwa mara 16. Barabara ikishaharibika, nauli hupanda, na bei ya mbolea kijijini hupanda pia.

Kila nchi na kipimo chake

Zamani kila nchi ilikuwa na kipimo chake. Tanzania iliruhusu lori la tani 56. Rwanda na Burundi ziliruhusu tani 53. Kenya iliruhusu tani 48. Sasa fikiria dereva aliyepakia Arusha tani 56 kwa haki kabisa, akaenda Namanga. Upande wa Tanzania hana kosa. Akivuka tu, amezidisha tani 8. Lori ni lilelile, mzigo ni uleule, dereva ni yuleyule. Sheria ndiyo iliyobadilika njiani.

Ili kuondoa taabu hiyo, Jumuiya ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016. Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Vipimo nilivyovitaja hapo juu ndivyo vya pamoja. Lakini sheria kuwa moja si sawa na safari kuwa nyepesi. Mizani bado ni mingi. Lori litokalo Dar es Salaam kwenda Tunduma hupimwa Vigwaza, hupimwa Mikese, hupimwa Wenda na kwingineko kabla ya kufika mpakani. Kwa upande wa Kenya kuna Mariakani, Mlolongo, Gilgil na Webuye. Lori likizidi, linasimamishwa. Halitoki mpaka mzigo upunguzwe au upangwe upya, na tozo ilipwe. Kama ndani kuna nyanya, jua linafanya kazi yake.

Mahindi ya kijiji

Tuseme wakulima wa kijiji wamekodi lori la ekseli sita kupeleka mahindi. Lori tupu lina tani 18. Sheria inaruhusu tani 50. Toa 18 katika 50, zinabaki tani 32. Tani moja ni kilo 1,000. Gunia moja la halali ni kilo 100, basi tani moja ni magunia 10. Lori litabeba magunia 320. Karani anahesabu magunia 320, anafunga daftari, lori linaondoka. Watu wanapiga makofi.

Huko mizani linakutwa limezidi zaidi ya tani 6! Imekuwaje? Magunia yalikuwa lumbesa. Mnunuzi aliyashindilia na kuyashonea kilemba mpaka kila gunia likawa na kilo 120. Zidisha 320 kwa 120. Utapata kilo 38,400, yaani tani 38 na kilo 400. Mkulima amepunjwa kilo 20 katika kila gunia, kisha gunia lilelile linazuia lori njiani. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, na hapa unaona ubaya wake mara mbili. Pimeni mzigo kwa kilo. Kuhesabu magunia peke yake hakutoshi.

Jambo jingine ni namna ya kupanga. Lori linaweza kuwa chini ya tani 50 na bado likawa na kosa. Tazama hesabu hii: ekseli ya mbele tani 6, ekseli mbili za kichwa tani 14, ekseli tatu za trela tani 27. Jumla ni tani 47. Jumla ni nzuri, lakini ekseli za trela zimezidi tani 3. Wapakiaji walianza nyuma na wakarundika mzigo nyuma. Dawa yake ni kusogeza magunia mbele kidogo. Kazi hiyo ni ya nusu saa kijijini, ambako vijana wapo. Barabarani inaweza kula siku nzima, kwa vibarua wa kulipwa.

Kabla lori halijaondoka, kubalianeni na mwenye lori kwa maandishi: ni kilo ngapi zimepakiwa, na likizidi kwenye mizani ni nani atakayelipa. Ninyi sasa mnajua kusoma. Someni karatasi hiyo kabla ya kutia sahihi, na mbaki na nakala.

Mzigo usiogawanyika

Iko mizigo ambayo haiwezi kukatwa vipande, kama vile mashine kubwa ya kuzalisha umeme. Mzigo wa namna hiyo hupewa kibali maalumu, na gari la kusindikiza hutangulia mbele kuonya watu. Ukiona gari hilo, ondoa mifugo yako barabarani mapema. Kumbuka kwamba kibali cha nchi moja hakimtoshi dereva anayekwenda nchi ya pili. Lazima awe na ruhusa ya huko pia.

Na kuna kitu ambacho sheria ya pamoja haikukigusa. Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia. Dereva akivuka daraja la Rusumo na lori lake la mita 22, anahamia upande wa pili wa barabara, huku usukani ukiwa uleule wa kulia. Akitaka kulipita gari la mbele, haoni vizuri linalokuja. Hapo utingo aliyekaa kushoto ndiye macho yake.

Maswali

1. Lori linalovuta trela halitakiwi kuzidi mita ngapi?
2. Kwa nini ni hatari kupita na baiskeli kushoto mwa lori linalokata kushoto?
3. Lori lina ekseli moja mbele, mbili chini ya kichwa na mbili chini ya trela, zote za nyuma zikiwa na tairi mbilimbili. Linaruhusiwa tani ngapi?
4. Lori hilo likiwa tupu lina tani 16. Litabeba magunia mangapi ya kilo 100?
5. Jadilianeni: hapa kijijini kwetu, nani hupima mzigo kabla ya lori kuondoka?