Mteja akiulizia waya wa "balansi", usikimbilie kupokea hela

Leo ni zamu yetu tunaouza vifaa vya muziki mtandaoni. Neno "balansi" linauza, lakini pia linarudisha mizigo. Mteja analipa, anafungua boksi, plagi haiingii, anataka hela yake. Nauli ya kwenda na kurudi unabeba wewe.

Waya wa kawaida ni RCA, ule wa nyekundu na nyeupe. Kila upande una njia mbili: moja inabeba sauti, nyingine ni ethi. Kelele ya umeme ikiingia njiani, inafika pamoja na sauti.

Waya wa balansi una njia tatu. Mara nyingi ni XLR, plagi ya mviringo yenye pini 3 kama ya maiki. Pini ya 1 ni ethi, ya 2 inabeba sauti, ya 3 inabeba sauti ileile ikiwa imegeuzwa. Kelele inaingia sawasawa kwenye ya 2 na ya 3. Kifaa kinachopokea kinachukua tofauti ya hizo mbili, kwa hiyo kelele inajifuta na sauti inabaki.

Sasa nyumbani inasaidia? Kama vifaa viko meza moja na waya ni mita 1 au 2, RCA nzuri inatosha kabisa. Waya ukiwa mita 10, au unapita karibu na nyaya za umeme, hapo balansi inalipa.

Kingine, vifaa vingi vya nyumbani vinatoa kama volti 2 kwa RCA na volti 4 kwa XLR. Mteja anasikia sauti kubwa, anadhani ndiyo safi. Mwambie asawazishe volyumu kwanza ndiyo alinganishe.

Kabla hujauza:

1. Omba picha ya nyuma ya vifaa vyote viwili. Tundu la balansi liwepo pande zote.
2. Uliza umbali kati ya vifaa.
3. Adapta ya XLR kwenda RCA inaunganisha tu, haileti balansi. Liandike hilo kwenye posti.
4. Jeki ya milimita 6.35 yenye mistari miwili myeusi inaweza kuwa ya balansi au ya hedifoni. Muulize anachomeka wapi.

Ukimuuzia RCA ya bei ndogo inayomfaa, faida ni ndogo leo, ila mzigo haurudi, na kesho atakuulizia spika.

Una swali? Liweke hapo chini.