SOMO: Nakala ya Kumbukumbu za Kikundi Ikae Wapi?



Leo tuzungumzie akiba, lakini si ile ya pesa. Siku hizi unaweza kukuta nyumbani kwa katibu wa kikundi kasanduku kadogo kenye diski mbili ndani, kameunganishwa na ruta ya intaneti. Humo mna hesabu za mikopo, orodha ya wanachama, kumbukumbu za mikutano na picha za kisima tangu siku ya kwanza ya kuchimba. Sasa hebu jiulizeni: nyumba ikiungua au mwizi akibeba sanduku hilo, nani atajua Mama Wanjiru amebakisha deni la ngapi?

Wengine watasema, "Si sanduku letu lina diski mbili?" Ni kweli, moja ikifa nyingine inaendelea. Lakini ukifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika kwa zote mbili saa hiyo hiyo. Tena kuna wahalifu. Aprili 2021 waliingia kupitia intaneti katika masanduku mengi ya kampuni ya QNAP, wakafunga faili za watu kwa neno la siri na kudai pesa. Diski ya pili haikusaidia kitu. Kwa hiyo nakala moja lazima ikae mbali, na njia mojawapo ni kukodi nafasi katika kompyuta za kampuni inayoweka kumbukumbu za watu. Hiyo ndiyo huitwa wingu.

Kabla ya kuuliza bei, pimeni mzigo wenu. Hesabu na barua za miaka mingi huwa hazijazi hata gigabaiti moja. Kinachojaza sanduku ni video na picha. Ikiwa ni karatasi tu, mnaweza kuanza bila kulipa: Google hutoa gigabaiti 15 bure. Video za harusi za jamaa ya katibu si mzigo wa kikundi, zitolewe.

Kama mzigo ni mkubwa, angalieni zaidi ya bei ya mwezi. Hapa ndipo watu hukwama. Mwaka 2019 Amazon ilifungua ghala la bei ya chini sana, karibu dola 1 kwa mwezi kwa terabaiti nzima, yaani gigabaiti 1,000. Inapendeza! Lakini siku ya kutaka vitu vyenu mnangoja saa nyingi, na kutoa terabaiti hiyo kunaweza kugharimu kama dola 80. Backblaze nao walipandisha bei ya ghala lao la B2 mwaka 2023 kutoka dola 5 hadi 6 kwa terabaiti, lakini wakaruhusu kuchukua vitu bila malipo mpaka mara tatu ya ulivyoweka. Kwa kikundi cha gigabaiti 100, hiyo ni chini ya shilingi 100 kwa mwezi. Mimi ningechagua la namna hii. Kampuni hiyo pia ina huduma ya bei moja isiyo na kipimo, lakini ni ya kompyuta ya kawaida tu, haipokei sanduku la mtandao. Someni masharti kabla ya kulipa.

Gharama nyingine ni ya kupeleka. Kwa intaneti ya megabiti moja kwa sekunde, gigabaiti 100 huchukua siku tisa na zaidi, na mkitumia bando za simu zitawamaliza pesa. Mzigo wa kwanza upelekwe mahali penye intaneti ya kulipia kwa mwezi. Baadaye programu ya sanduku hupeleka yaliyobadilika tu, hata usiku watu wakilala.

Faili zifungwe kwa neno la siri kabla hazijaondoka, maana ni habari za watu, na Kenya ina sheria ya kulinda habari hizo tangu 2019. Neno hilo likipotea hakuna wa kuwafungulia. Liandikeni kwenye karatasi mbili, moja kwa mwenyekiti, nyingine kwa mweka hazina. Na akaunti isiwe kwa simu ya kijana mmoja, kesho akipata kazi Nairobi mnabaki nje ya mlango.

Wala msitupe nakala ya nyumbani. Machi 2021 jengo la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na wateja waliotegemea hapo peke yake walipoteza kila kitu.

Kazi ya mkutano ujao:

1. Kumbukumbu zetu ni gigabaiti ngapi, na zipi tukizipoteza haziwezi kuandikwa upya?

2. Malipo ya kila mwezi yatatoka mfuko gani? Mlipaji akisahau, kampuni hatimaye hufuta.

3. Mweka hazina arudishe daftari moja la mkopo kutoka kwa wingu, kwa kompyuta nyingine, katibu akiwa hayupo. Ilichukua muda gani?