Dondoo muhimu: Kulinganisha kwa Kihispania

Unajifunza Kihispania ukiwa mjini Mwingi, Kaunti ya Kitui, au Wote, Kaunti ya Makueni? Anza na mambo ya kwenu.

• Zaidi: Kiswahili hutosheka na “kuliko”. Kihispania hudai maneno mawili, *más* na *que*: *Kitui es más grande que Makueni* (Kitui ni kubwa kuliko Makueni).

• Pungufu: Tumia *menos* na *que*: *Makueni tiene menos habitantes que Kitui* (Makueni ina wakazi wachache kuliko Kitui). Sensa ya 2019 inathibitisha: 987,653 dhidi ya 1,136,187.

• Sawa: Kwa sifa, *tan* na *como*: *Esta miel es tan dulce como aquella* (asali hii ni tamu kama ile). Kwa nomino, *tanto* hupatana nayo: *tantos mangos como naranjas* (maembe mengi sawa na machungwa).

• Idadi: Kabla ya namba, *que* huwa *de*: *Kitui tiene más de un millón de habitantes* (Kitui ina wakazi zaidi ya milioni moja).

• Maneno ya pekee: Bora zaidi ni *mejor*, mbaya zaidi ni *peor*. Usiyaongezee *más*.

Andika sentensi tano kuhusu soko lenu leo, kisha uzisome kwa sauti. Kanuni hukaa kichwani kwa kutumiwa.