Majivu ya Volkeno na Viumbe vya Baharini

Swali: Eleza jinsi majivu ya volkeno yanavyoathiri viumbe vya baharini.

Watahiniwa wengi hutaja madhara tu, wakapoteza alama. Wewe anza na Kasatochi, volkeno ya Alaska, Marekani, iliyolipuka Agosti 2008. Maji ya kaskazini mwa Pasifiki yana nitrati nyingi lakini chuma kidogo mno, hivyo fitoplanktoni, yaani vijimea vinavyoelea, haviongezeki sana. Upepo ulieneza majivu, chuma kikayeyuka majini, na baada ya siku chache vijimea vikastawi hadi vikaonekana kwa setilaiti. Hivyo ndivyo chakula cha zuplanktoni, nao huliwa na samaki.

Kisha taja hasara: majivu mazito hufukia matumbawe na kuzuia mwanga wa usanisinuru. Usiandike kwamba kila bahari hunufaika. Penye chuma cha kutosha, mbolea hiyo haina kazi.